Mkeka wa Waya

Kijiwe chetu kiko mbele ya duka la kinyozi, pale barabara inapokata kona kuteremkia sokoni. Benchi ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali. Bado una kitasa chake, na mtu akikalia kitasa tunajua huyu ni mgeni. Meza ni gurudumu la mbao lililokuwa limezungushiwa nyaya za umeme. Nililibingirisha mwenyewe kutoka kazini miaka mingi iliyopita bila kumwomba mtu ruhusa, na Mungu ananidai toba ya hilo mpaka leo. Mji wetu uko juu. Ukungu hauondoki mpaka saa nne, na watu wa huku hushika kikombe kwa mikono miwili kwanza, kunywa baadaye. Kahawa anapika Mama Birika, ambaye hacheki ila kwa macho. Kinyozi tunamwita Wembe, si kwa ajili ya kazi yake bali kwa ajili ya ulimi; akiwa na mteja anabishana nasi kupitia dirishani. Ripoti ni karani mstaafu, na kila jambo duniani aliwahi kulisoma kwenye faili. Mimi ni fundi umeme. Jina la utani sina, wananiita Fundi tu, na asubuhi ile ya Jumanne jina hilo lilikuwa linanichoma.

Nieleze kwanza shida yangu, maana msomaji hana kosa.

Mke wangu yuko nchi ya mbali yenye theluji, mwaka wa kumi na moja sasa, analea wazee wa watu. Siku ya kwanza kufika alinipigia simu, hakunieleza habari za ndege wala za majengo. Aliniambia habari za sakafu. "Baba watoto, huku sakafu ina joto. Nikishuka kitandani alfajiri inanipokea. Ni kama kukanyaga mgongo wa ng'ombe aliyelala." Nikacheka. Lakini kila mwaka alikuwa anairudia sakafu ile, mpaka nikaanza kuionea wivu kama mtu anavyomwonea wivu mwanamume mwenzake. Mwaka huu akasema anakuja likizo, wiki tatu. Nikamuuliza: na baada ya wiki tatu? Akasema, "Nitakuja nione kwanza." Kabla hajaja akatuma boksi, na ndani ya boksi mkeka: waya mwekundu ulioshonwa mwendo wa nyoka juu ya wavu, wa kulaza chini ya vigae na kuunganisha na umeme wa nyumba. Akaandika kwenye karatasi: *Wa chumbani kwetu.*

Anafika Alhamisi. Jumapili nilimwambia kwenye simu kwamba sakafu iko tayari na inapasha vizuri. Ulikuwa uongo. Nimetoka ibadani dakika kumi tu, midomo bado ina wimbo, nikasema uongo.

Kijiweni nilikuwa nimewaambia nusu ya habari: kwamba mkeka nimeulaza, nimeumwagia saruji, nimeuunganisha, na kila nikiwasha, swichi kuu ya nyumba inaanguka na umeme unakatika. Nusu ya pili nilikuwa nimeificha, nayo ndiyo hii: waya ule nimeukata. Nitaeleza kwa nini mbele ya safari. Wenzangu hawakujua, kwa hiyo asubuhi ile walikuwa wananisaidia kwa moyo wote, na mimi niliwaacha.

— Tuanze mwanzo, alisema Wembe akitoka dukani na kitambaa begani. Umeuchomeka wapi?

— Sikuuchomeka. Nimevuta laini yake peke yake kutoka boksi la fyuzi, na swichi yake, na kile kidude cha ukutani cha kupimia joto.

— Ndiyo kosa lako hilo! Laini mpya haijazoea kazi. Ungeuunga na laini ya taa. Umeme wa taa ni mpole, mchana kutwa umepumzika.

— Wembe, waya wa taa ni mwembamba. Mkeka ule ukivuta, waya ungeungua ndani ya ukuta.

— Basi wa soketi.

— Wa soketi una pasi, una friji, una redio. Mkeka unataka laini yake. Hapo sikukosea.

Ni kweli, hapo sikukosea. Nililing'ang'ania neno hilo kama mwanafunzi aliyepata swali moja tu.

Ripoti alikuwa anapuliza kahawa yake. Yeye hasemi mpaka apulize mara tatu.

— Mnaangalia waya, alisema. Mimi ninaangalia jiografia. Mji wetu uko juu au hauko juu?

— Uko juu, mzee.

— Umeme unatoka bondeni. Unapanda. Ukifika huku umechoka, unahema. Taa iko darini, unapanda kidogo tena, sawa, umeshazoea kupanda. Wewe unaufikisha nyumbani kisha unaulaza sakafuni. Mtu aliyechoka ukimwonyesha sakafu atafanya nini?

— Atalala, alisema Mama Birika.

— Atalala! Umeme wote unateremka na kulala. Swichi kuu inabaki tupu, inaanguka. Niliwahi kuisoma ripoti yake.

— Ripoti gani hiyo, mzee? Ofisi yenu ilikuwa ya mifugo.

— Na ng'ombe halali?

Mteja aliyekuwa dukani kwa Wembe, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, alitoa shingo dirishani.

— Jamani, kinyozi ananirudia lini?

— Tulia, ndugu yangu, hapa kuna ndoa ya mtu! alijibu Wembe.

Neno hilo lilinipita kifuani kama maji ya baridi. Sikujua kama wanajua. Mtu unaweza kukaa benchi moja na watu miaka kumi ukadhani unawaficha, kumbe wanakufunika tu shuka.

— Shemeji anakuja Alhamisi, aliendelea Wembe, na sasa alikuwa amekaa, goti lake limegusa langu. Alhamisi ni keshokutwa. Akikanyaga saruji ya baridi, Ijumaa ataanza kuangalia begi. Kwa hiyo tusifanye mzaha. Mimi nimefikiri usiku kucha. Mkeka huu umetoka wapi? Ughaibuni. Umezoea baridi ya kwao, ile ya kupasua mawe. Hapa unapima, unaona baridi yenyewe ya kitoto. Unasema: mimi niamshwe kwa hili? Una dharau, Fundi. Mkeka una dharau.

— Waya hauna dharau.

— Wewe umekaa na waya muda mrefu, umeshindwa kuona tabia yake.

— Hebu nipisheni, alisema Mama Birika, akijaza kikombe changu bila mimi kuomba. Nyinyi wote mnazungumza umeme. Mimi naizungumza sakafu. Ile saruji mwanamke wa mwisho kuideki ni nani?

Akalirudisha birika makaani.

— Miaka kumi na moja inadekiwa na mwanamume. Saruji inajua. Chumba kikikaa bila mtu wake, baridi inaingia mpaka ndani ya mchanga, inaota mizizi. Uiwashie moto wa siku moja itoke? Haitoki. Inapigana. Ndiyo hiyo inayoangusha swichi yako, baba.

— Sasa huo si umeme, mama, huo ni uganga.

— Ni usafi, alisema Mama Birika. Nimekuuliza usafi.

Ripoti aliinua kidole. Alikuwa amepuliza mara tatu tena.

— Nipunguze sauti, maana habari hii haikupaswa kutoka ofisini. Chini ya mji huu kuna moto.

— Sasa tumefika! alisema Wembe.

— Mlima huu zamani ulikuwa unatema moto, si mnajua? Moto haujafa, umelala tu chini yetu. Fundi naye ameweka joto juu yake. Joto la chini linasikia joto la juu. Linapanda kuja kuangalia ni nani. Yakikutana katikati ya sakafu ya Fundi, swichi inaanguka kwa hofu. Na ninawaambia, hiyo swichi ina akili kuliko sisi. Inauokoa mji mzima.

Yule mteja wa nusu kichwa alikuwa ameshatoka nje kabisa, kitambaa shingoni, amesimama anasikiliza.

— Kwa hiyo akiendelea kuwasha, mlima utalipuka?

— Sikusema utalipuka. Ninasema utaamka.

Tulicheka. Nami nilicheka, na kahawa ikanipalia, maana ndani yangu kulikuwa na kitu kinachotaka kutoka. Wembe alinipiga mgongoni.

— Mimi nina dawa fupi, alisema. Hiyo swichi inayoanguka si unaweza kuifunga? Unakata kipande cha waya, unairuka swichi, umeme unapita moja kwa moja. Haina pa kuanguka. Wiki tatu tu, Fundi! Shemeji akishaona, akisharidhika, akishasema nabaki, unafungua polepole unatengeneza.

Nikaingiza mkono mfukoni mwa koti.

Nitakiri hapa. Wazo hilo Wembe hakunipa yeye. Jumatatu asubuhi nilikuwa nimesimama mbele ya boksi la fyuzi na kipande cha waya mkononi, nimeshakimenya ncha zote mbili. Nilichokuwa ninaona ni mke wangu tu anaingia, anavua viatu, anasimama katikati ya chumba, anafumba macho. Nilishakisogeza kile kipande mpaka kikagusa boksi. Ndipo nikamwona tena, safari hii anatoka kuoga, nyayo zina maji. Swichi ile ninayoitukana ndiyo inayozuia umeme usipande kwenye nyayo za mtu. Nikapiga magoti palepale kuomba, na saruji ilikuwa ya baridi mpaka kwenye mfupa. Lakini kipande kile sikukitupa. Kilikuwa mfukoni mwa koti langu nilipokaa kijiweni.

— Haifungwi, nilisema. Swichi ile haifungwi hata kwa dakika moja. Anayekanyaga pale ni mke wangu.

Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Wembe alishusha mkono.

— Haya, bwana. Nilikuwa nakutakia mema.

— Najua.

Hapo ndipo mgeni alipokaa juu ya kitasa.

Alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, suruali ya kazi, magoti yake yamefungwa vipande vya tairi kama askari wa zamani. Alijiinua kwa maumivu, akakiangalia kitasa, akasogea.

— Shikamooni. Namtafuta Fundi umeme. Mimi ni fundi vigae. Tuliongea kwenye simu, chumba kimoja, nianze leo nimalize kesho ili vikauke kabla ya Alhamisi.

— Ndiye huyu, alisema Mama Birika, na kumpa kikombe. Mwenye uso wa mtuhumiwa.

Nilikuwa nimesahau nimemwita. Hapana, hilo nalo ni uongo: sikusahau. Nilimwita nikijua. Nilifikiri vigae vikishapigwa juu, hakuna atakayeona waya, na mimi nitakuwa nimetenda nililoweza, na lililobaki nitamwachia Mungu. Mtu anaweza kumfanya Mungu kuwa kifuniko cha uzembe wake. Nimeligundua hilo nikiwa na umri wa miaka hamsini na nane.

— Nimeambiwa kuna mkeka wa joto chini, alisema Fundi Vigae. Nimeshapiga vigae juu ya mikeka hiyo, hotelini. Kabla sijaweka kigae cha kwanza lazima unipimie waya mbele yangu, nione mita inasema nini. Maana nikishafunika, nimefunika. Sitaki kesho uniambie mguu wangu umeukanyaga. Uko mzima?

Wote wakaniangalia. Wembe alifungua mdomo kunijibia, nadhani alitaka kusema habari ya dharau ya mkeka.

— Hauko mzima, nilisema. Nimeukata.

Kiwiko cha Wembe kilikiangusha kikombe, kahawa ikamwagika mezani.

— Umeukata nini? alisema Ripoti.

— Waya. Nimeukata kwa koleo langu. Wiki mbili sasa. Nimewaacha mnasumbua vichwa vyenu bure, na ninaomba mnisamehe.

— Wewe? alisema Wembe. Wewe unayetukana mafundi wa mji mzima? Uliyeninyima soketi ya tatu dukani kwangu kwa sababu eti haiko kwenye kanuni?

— Mimi.

— Umekata kiasi gani? aliuliza Fundi Vigae. Sauti yake haikuwa na hukumu. Ilikuwa sauti ya daktari anayeuliza kidonda kina siku ngapi.

— Karibu nusu.

— Nusu!

— Ulizidi. Niliutandaza, ukafika ukutani, ukageuka, ukafika mlangoni, na bado kulikuwa na mwingine umebaki mikononi. Nikaangalia kwenye boksi. Ni mkeka wa chumba kikubwa karibu mara mbili ya chetu.

— Shemeji alikosea kununua, alisema Wembe polepole.

— Hakukosea. Nilimuuliza kwenye simu, kwa kuzunguka, chumba chetu anakikumbukaje. Akaniambia: kitanda hapa, kabati kule, na katikati pale tulipokuwa tunamwogeshea mtoto kwenye beseni, na bado mtu anapita. Jamani, katikati ya chumba chetu hata beseni lenyewe lilikuwa linagusa kitanda. Huko aliko kimekua. Miaka kumi na moja kimekuwa kinakua kichwani mwake, na amenunua mkeka wa chumba hicho.

Mama Birika aligeuza uso, akawa anashughulika na makaa ambayo hayakuwa na shida yoyote.

— Sasa kwa nini usimwambie? aliuliza Ripoti.

— Nimwambie nini, mzee? Kwamba chumba ni kidogo? Atakiona keshokutwa. Niliogopa akikijua mapema hatakuja.

Nikawaeleza na lile la pili, la ufundi. Bwana aliyenifundisha kazi alikuwa akikuta waya umezidi ndani ya boksi anaukata ule uliozidi na kunichapa nao. Miaka arobaini mkono wangu haujaacha mkia wa waya mahali popote. Kwa hiyo koleo lilikata kabla kichwa hakijauliza. Nikasokota ncha mbili pamoja, nikafunga tepu, nikamwaga saruji juu. Nilikata kama ninavyokata waya wa taa.

— Na huo si waya wa taa, alisema Fundi Vigae.

— Sio. Nilikuja kujua baadaye.

Wembe alitaka kuelezwa, na Fundi Vigae akamweleza vizuri kuliko mimi, akichora kwa kidole kwenye kahawa iliyomwagika mezani. Waya wa joto umepimwa kiwandani kwa urefu wake. Ukiufupisha, umeme unapita mwingi kuliko unavyotakiwa, unachemka kupita kiasi. Kinachokatwa ni wavu tu, ili mkeka ugeuke; waya wenyewe haukatwi. Na kiungo cha tepu ndani ya saruji mbichi kinakunywa maji, umeme unavuja, swichi kuu, ambayo ndiyo ya usalama, inauona unavuja, inaanguka.

— Kwa hiyo mlima haumo? alisema yule wa nusu kichwa.

— Haumo, alisema Ripoti kwa huzuni.

— Siku ile ya kwanza uliwaka? aliniuliza Fundi Vigae.

— Robo saa. Ukachoma nyayo, kukatoka harufu, swichi ikaanguka. Haijasimama tena.

Alitikisa kichwa.

— Kuna njia moja, kaka. Kuivunja sakafu, kuutoa wote, kununua wa kipimo cha chumba. Si kazi ya siku mbili. Mimi leo nikipiga vigae nitakuwa nakufunikia kaburi. Sitapiga.

— Nimekuelewa, dada.

— Na huyo mama anakuja kukaa au kutembea?

— Anakuja aone kwanza.

— Anakuja kuona sakafu?

— Kule sakafu ina joto. Amezoea. Anasema miguu yake haiwezi tena baridi ya kwetu.

Fundi Vigae alikunywa kahawa yake. Alijifungua kipande kimoja cha tairi, akalisugua goti. Kisha akauliza, kwa namna ya mtu anayeulizia njia:

— Kwani kabla hajaondoka, miguu yake ilikuwa inapata joto wapi?

Wembe akakunja kitambaa chake. Ripoti alipuliza kikombe mara tatu, na baada ya mara ya tatu hakusema kitu. Nikaona kikombe chenyewe kilikuwa kitupu. Mama Birika aliangalia barabarani. 

Jibu nilikuwa nalo mimi. Lakini si jibu la kutamka barazani mbele ya mteja wa nusu kichwa. Nitaliandika hapa kwa ufupi, kwa heshima yake. Alikuwa akipanda kitandani, nyayo zimeganda kama samaki, anaziingiza katikati ya miguu yangu, kwenye mashavu ya miguu. Nami napiga kelele kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza, naye anacheka ndani ya mto asiamshe mtoto. Miaka kumi na tisa. Halafu mwaka wa mwisho nikachoka. Sijui kwa nini, sikuwa na hasira naye, nilikuwa nimechoka tu na kazi na maisha. Siku moja nilijivuta nikamwambia, "Si uvae soksi." Akavaa. Hakusema neno. Aliendelea kuvaa kila siku, na mwezi wa nne akaniambia amepata kazi mbali.

Sijawahi kumwambia mtu habari ya soksi. Nimeiombea toba mara nyingi, lakini kwa Mungu tu, ambaye si yeye aliyezivaa.

— Kahawa imekwisha, alisema Mama Birika, akaligeuza birika juu chini ili tuone. Saa ilikuwa bado tatu na nusu. Haijawahi kuisha kabla ya saa nne.

Wakatawanyika kwa adabu. Wembe alimshika mteja wake bega, "twende tukalimalize hili shamba," na Ripoti akasema ana faili nyumbani. Fundi Vigae alifunga tairi lake gotini, akaniambia Jumatatu ijayo nikitaka kuvunja atakuja na nyundo. Nilibaki peke yangu kwenye ule mlango. Nilitoa kipande cha waya mfukoni, nikakipinda, nikakipinda tena mpaka kikakatika, nikakiweka kwenye makaa ya Mama Birika. Naye akajifanya haoni. Kisha nikapiga simu.

Alipokea kwa sauti ya chini, ile ya kazini.

— Baba watoto, kuna nini? Bado namlisha mzee.

— Sakafu haiwaki, nilisema. Nilikudanganya Jumapili. Niliukata waya, nimeuharibu, na hautatengenezeka kabla hujafika. Na chumba ni kidogo, mama watoto. Ni kidogo kuliko unavyokumbuka.

Nilisikia kijiko kikigonga bakuli.

— Kwa hiyo sakafu itakuwa ya baridi, alisema.

— Kama ulivyoiacha. Lakini usilete soksi.

 Kule kwake mzee wa watu alikohoa, akasema kitu kwa lugha yao, naye akamjibu kwa upole. Nilifikiri simu imekatika. Nikaitoa sikioni, nikaiangalia, dakika zilikuwa bado zinahesabika.

— Upande wangu wa kitanda, alisema, bado ni ule wa ukutani?

— Ndiyo, nilisema upesi. Halafu nikakumbuka nimetoka kukiri uongo muda huohuo, nikajisahihisha: Hapana. Huko ninalala mimi. Tangu ulipoondoka ninalala mimi.

— Wewe?

— Mimi. Nitahama leo.